Pikapu Isiyotimua Vumbi

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, kiti cha nyuma, magoti yananigusa kidevu kwa sababu wifi yangu Ardith hajui kusogeza kiti mbele. Kama angenisikiliza hata mara moja kati ya zile mara kumi nilizosema turudi nyumbani, leo nisingekuwa na cha kukuhadithia.

Ilianza Jumanne moja ya Julai, asubuhi ya kawaida kabisa. Jua kali, upepo wa kusini usiochoka, mahindi yamefika mabegani, na kila mtu analalamikia bei ya dizeli. Saa tatu Ardith akapiga honi nje kwangu. Kaka yangu Delmar alikuwa ameketi mbele, amefungwa mkanda, shati limepigwa pasi, na mkono wake wa kulia umelala juu ya goti, pale pale mkewe alipouweka.

Novemba iliyopita Delmar alipatwa na kiharusi akiwa ghalani. Upande wote wa kulia ulikufa, na maneno nayo yakaenda. Miezi minane hakusema kitu. Binti wa mazoezi ya viungo anayekuja kila Ijumaa ndiye aliyemwambia Ardith, "Mtoe nje, azione sehemu alizozoea. Huenda mwili ukakumbuka." Basi Ardith akaenda ofisi ya kaunti akachukua kijitabu cha vivutio. Sehemu kumi za kutembelea ndani ya Kaunti ya Sorrel. Kila sehemu unagongewa muhuri, ukifikisha kumi unapewa blanketi.

Mimi nimezaliwa Sorrel. Nimepika katika shule ya Sorrel miaka thelathini na mmoja. Nakwambia hakuna vivutio kumi. Viko vinne, na vitatu kati ya hivyo huwa vimefungwa.

Tulianza na panzi mkubwa wa chuma pale kituo cha mafuta. Muhuri uko ndani, mlango umefungwa, mwenye kituo kaenda mazishini. Tukaenda kwa nyati. Nyati walikuwa wamejikusanya kona ya mwisho ya malisho, maili nzima kutoka kwenye uzio, vidoa vyeusi tu. Ardith akamgeuza Delmar kichwa aelekee huko, akasema, "Unawaona, Del?" Mimi mwenye macho mazima sikuwaona. Tukaenda kwenye shule ya zamani ya chumba kimoja, ambayo sasa ni makumbusho. Mlangoni kulikuwa na karatasi: anayetaka kuingia ampigie simu mwenye ufunguo. Na simu pale haishiki mpaka upande kilima.

"Wifi, turudi," nikasema. "Kolache zangu, vimkate vyote nilivyooka, zimevuja jemu."

"Hata saa mbili hazijaisha, Merna, umeshaanza kulia."

"Silii. Nasema mgonjwa anakaangwa humu ndani."

"Mgonjwa mwenyewe kalalamika?"

"Angelalamikaje?"

Akakaza mikono kwenye usukani. Nilijua nimemuumiza, lakini nilikuwa na joto na hasira, sikuomba radhi.

Hapa lazima nieleze jambo la kidole. Huku kwetu ukikutana na gari kwenye barabara ya changarawe, unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Basi. Unamjua, humjui, mmegombania uzio tangu enzi za wazazi wenu, unainua. Asiyeinua ni mtu wa mjini. Delmar hakuwahi kumpita mtu bila kumwinulia kidole. Hata siku tuliyomzika baba, akiendesha nyuma ya gari la maiti huku machozi yanamtiririka, alimwinulia kidole kila mkulima aliyesimamisha trekta kando ya njia.

Tulikuwa tunaelekea kwenye mnara wa mbao, ule wa kutazamia nyasi za asili, wakati pikapu ilipotokea juu ya mwinuko. Ya mtindo wa zamani, rangi ya maziwa yaliyochacha, inakuja taratibu. Dereva amevaa kofia. Tulipokaribiana akainua kidole.

Ardith akainua chake.

Na pale juu ya goti la Delmar, kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mkono uliokufa, kikainuka.

Ardith akakanyaga breki hadi chupa ya kahawa ikanigonga kifundo cha mguu. "Umeona? Merna, umekiona?" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anambusu Delmar vidole kimoja kimoja. "Rudia, Del. Rudia, mpenzi wangu." Kidole kilikuwa kimeshalala. Hakikurudia.

Mimi niligeuka nyuma kuitazama ile pikapu. Wiki tatu hatukuwa tumepata tone la mvua. Wingu letu la vumbi lilikuwa bado linaelea juu ya mahindi, refu, jeupe. Pikapu ilikuwa imeshalipita, inakwenda zake. Nyuma yake hakukuwa na vumbi lolote.

Nilipaswa kusema pale pale. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Lakini Ardith alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu Novemba, nami nikaona nimeshaiharibu asubuhi yake vya kutosha. Nikafuta kahawa iliyomwagika chini.

Jumatano tukatoka tena. Safari hii mwenye ufunguo wa makumbusho alipatikana. Ni mzee Leland Vavra, ana themanini na kitu, amevaa suruali ya kanda za mabegani na ndara za nyumbani. Ardith akamsukuma Delmar kwa kiti cha magurudumu akamwonyeshe dawati alilokalia bibi yetu. Mimi nikabaki mezani na Leland, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia, nikamwambia habari ya pikapu.

Mkono wake wenye muhuri ukasimama hewani.

"Ilitimua vumbi?" akauliza kwa kunong'ona.

"Hapana."

"Nani aliinua kidole?"

"Ardith. Na Delmar."

"Delmar aliinua kwa ule mkono mbovu."

Hakuwa anauliza. Nami sikuwa nimemwambia ni mkono upi.

Leland akatupia jicho mlango wa darasa, akasogeza kiti karibu. "Mara ya kwanza anasalimia," akasema. "Mara ya pili anapunguza mwendo. Ya tatu anasimama, dirisha kwa dirisha, kama majirani. Anauliza kama una nafasi kidogo, kuna jambo anataka asaidiwe. Sasa niambie, Merna, nani huku kwetu amewahi kumjibu jirani kwamba hana nafasi?"

"Halafu?"

"Bi Zoubek, yule wa upande wa bwawani, nyonga zilikuwa zimekufa miaka sita. Gari lao lilikutwa katikati ya barabara, injini inaunguruma. Mwanawe alikuwa ndani. Alisema mama yake alishuka mwenyewe, akatembea vizuri kama msichana."

"Walimpata wapi?"

Leland akagonga muhuri kwenye kijitabu, taratibu, akaupuliza wino ukauke. "Nani kakwambia walimpata?"

"Mwambie Ardith," nikasema. "Wewe ndiye mkubwa. Mimi ataniona nina wivu."

"Mimi ni wa ufunguo tu, dada yangu."

Nilitamani kumpiga na ule muhuri. Kaunti nzima ndivyo ilivyo. Watu watakuletea bakuli la chakula ukifiwa, watakuvunia shamba ukiugua, lakini la kukuokoa hawalisemi mpaka uwaulize wewe, na ukiuliza wanakurudisha nyumbani na nusu yake.

Nikamwambia mwenyewe, garini, tukiwa tunarudi. Nilieleza vibaya, harakaharaka, nikimwangalia Delmar kisogo.

"Vumbi," Ardith akasema.

"Ndiyo, vumbi."

"Mume wangu kaanza kupona, wewe unaniletea vumbi."

"Wifi, nisikilize. Tupite barabara ya lami. Ni maili sita tu zaidi."

"Na mafuta utaweka wewe?"

Na ndipo pikapu ikatokea. Ilikuwa saa sita kasoro, jua utosini, mahali peupe pasipo hata mti mmoja. Ilikuja kwa mwendo wa mtu anayetaka kukutambua. Ikapunguza. Nilijilazimisha kutazama chini ya kofia. Niliona kidevu kimenyolewa vizuri. Juu ya kidevu sikumbuki niliona nini, na nimejaribu sana kukumbuka.

Kidole kikainuka. Ardith hakuinua chake. Maneno yangu yalikuwa yamemwingia kiasi hicho. Delmar aliinua mkono mzima. Vidole vyote vitano, hadi usawa wa bega. Kooni mwake ikatoka sauti.

"Eee," alisema. Kama mtu anayemjibu rafiki.

Jioni ile tuligombana jikoni kwake hadi mbwa akatoka nje.

"Kama ni shetani, basi kafanya kazi kuliko madaktari wote," Ardith alisema. "Miezi minane, Merna. Miezi minane namgeuza kitandani, namfuta, namlisha, nazungumza peke yangu. Wewe unakuja Jumapili na kolache, unaondoka."

"Anamtaka, Ardith. Anamtengeneza ili aweze kutembea aende naye."

"Unajuaje? Leland kakwambia? Leland anayesema mwezi unaharibu viazi?"

"Ni kaka yangu."

"Ni mume wangu! Na unafikiri yeye anataka nini? Umemuuliza?"

Tukamgeukia wote wawili. Delmar alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakututazama. Alikuwa anatazama barabara.

Kabla sijaondoka niliutoa ufunguo wa gari kwenye ndoano, nikauzika ndani ya pipa la unga. Nilijiona mjanja. Alhamisi saa nne nilipofika kwao, Ardith alikuwa amesimama uani, ana ufunguo wa akiba mkononi, uso umepauka.

"Umemweka wewe?" akaniuliza.

"Nimemweka nani?"

Akanionyesha. Delmar alikuwa ndani ya gari, kiti cha mbele, amejifunga mkanda. Kiti cha magurudumu kilikuwa bado barazani. Kati ya baraza na gari kuna hatua arobaini na ngazi tano.

Ungedhani hapo Ardith angeogopa. Aliogopa, niliona. Lakini aliogopa kama mtu aliyekaribia kupewa kitu alichokiomba sana. Akaingia kwenye usukani, akawasha. Ningeweza kubaki uani na heshima yangu. Nikafungua mlango, nikakaa nyuma ya Delmar.

Hakuchukua kijitabu. Hakuna aliyezungumzia mnara wala nyati. Tulikwenda moja kwa moja kwenye ile barabara, na upepo, ambao huku haulali mchana wala usiku, ukakatika. Majani ya mahindi yakasimama wima. Nikasikia pumzi za Delmar. Zilikuwa za haraka, kama za kijana anayesubiri ngoma ianze.

"Wifi," nikanong'ona. "Geuza gari. Tafadhali."

"Nitamsikia akiongea," Ardith akajibu, naye akinong'ona. "Mara moja tu. Halafu nitageuza. Nakuapia."

Pikapu ikatokea juu ya mwinuko.

Ilikuja upande usio wake. Huku magari hushika kulia, nayo ilishika ukingo wetu wa kulia, magurudumu mawili ndani ya nyasi za mtaroni, ije ipite upande wa Delmar. Nyasi zile zinafika kiunoni. Hazikulala. Hazikutikisika.

Ardith akasimamisha gari. Akabonyeza kitufe. Dirisha la Delmar likashuka.

Pikapu ikasimama sambamba nasi. Upande uliotugeukia ulikuwa wa abiria. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu, kimepanguswa. Ng'ambo ya kiti kulikuwa na giza, saa tano asubuhi, na ndani ya giza hilo, ile kofia.

"Una nafasi kidogo?" ikauliza.

Sauti ilikuwa ya kawaida. Hilo ndilo lililonivunja. Ilikuwa sauti ya jirani yeyote, ya mtu aliyekwamishwa na ng'ombe au lango.

Na kaka yangu akajibu. Wazi, kwa sauti yake mwenyewe, ile niliyoijua tangu tukiwa watoto.

"Ninayo."

Ardith akapiga ukelele wa furaha. Mkono wa kulia wa Delmar ukaanza kuinuka. Mkono wake wa kushoto ukavuka kifua, ukashika kitasa cha mlango. Mlango wa pikapu ukafunguka wenyewe, bila mlio.

Nikajitupa mbele. Nikapitisha mikono yote miwili juu ya mabega yake, nikaukamata ule mkono wa kulia, nikaukandamiza kwenye goti. Ulikuwa na moto. Ulikuwa na nguvu. Ulikuwa mkono wa kaka yangu akiwa na miaka ishirini, anayenibeba juu ya magunia. Ulipigana nami. Nikafumba macho.

"Hana nafasi!" nikapiga kelele. "Hana! Ana kazi nyumbani! Nenda!"

Hakuna aliyewahi kumjibu jirani hivyo katika kaunti yetu. Nilisikia aibu, unaamini? Katikati ya hofu ile nilisikia aibu.

Kitu kikanielemea kifundo cha mkono. Hakikuwa baridi, hakikuwa moto. Uzito tu.

"Nenda," nikasema tena.

Uzito ukaondoka. Upepo ukarudi ghafla, ukatujaza vumbi la changarawe garini, na nilipofumbua macho barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Mkono wa Delmar chini ya mikono yangu ulikuwa umelegea. Nikauachia. Ukateleza ukaning'inia kando ya kiti.

Ardith alikuwa ameshikilia usukani kwa mikono yote miwili, hajasogea.

"Aliongea," alisema.

"Ndiyo."

"Aliongea, na wewe ukamjibia."

Hilo ni neno la mwisho aliloniambia kwa karibu mwezi mzima. Delmar alikuwa analia. Kulia anaweza, kiharusi hakikumchukulia hilo. Alinigeukia kwa shida, shingo nusu, akanitazama. Nimewahi kuchukiwa na watu. Mpishi wa shule huchukiwa kila siku ya maharage. Sijawahi kutazamwa vile.

Tangu siku ile kidole hakijasogea. Binti wa mazoezi amepunguza siku za kuja. Anasema anaona mwili hautaki. Leland naye alikuja na bakuli la tambi, akaketi dakika tano, akazungumzia mvua. Ardith amechoka, mgongo umemwisha, kwa hiyo sasa nahamia kwake Jumatatu hadi Alhamisi na ni mimi ninayemlisha Delmar. Nilitaka kaka yangu abaki, amebaki. Anafungua mdomo kijiko kikifika, anafunga, macho dirishani. Kuna siku nakaa pale na bakuli mapajani natamani kumtikisa, nimwambie nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda, mjinga wewe. Na kuna siku namwona anavyoitazama barabara, nami sina hakika tena nilimwokolea nani.

Lakini kuna alama. Iko kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia. Ijumaa ile, siku ya pili yake, niliamka nikaikuta: madoa manne ya zambarau, yamepangwa upande uliokuwa wa dirishani. Nimehesabu mara nyingi. Mkono wa kulia wa Delmar ulikuwa chini ya mikono yangu. Wa kushoto ulikuwa kwenye kitasa. Ya Ardith ilikuwa kwenye usukani. Daktari wa mjini aliitazama, akasema nilijigonga, itaisha kwa wiki mbili. Hiyo ilikuwa Julai. Sasa theluji imefika kwenye madirisha.

Haijaisha. Mwezi wa kumi lilitokea la tano, upande wa pili, pana, la dole gumba. Wiki hii naona kivuli cha kiganja kinaanza kuyaunganisha, kama mkono unaozidi kunikaza. Kila siku navaa sweta ya mikono mirefu ili Ardith asione. Delmar ameshaona. Nikimlisha, hunivuta mkono wa sweta juu kwa ule mkono wake mzima, taratibu, anaangalia alama imefika wapi, kisha anatabasamu.